Jinsi ya kuchagua na kupanga lamineti yenye sura ya mbao

Lamineti ya mbao, yaani karatasi ngumu yenye picha ya mbao inayovikwa juu ya kabati na meza, ikionekana bandia, mara nyingi kosa si la mashine iliyoichapa. Uchapaji wa siku hizi ni mzuri kiasi kwamba hata seremala mzoefu, akisimama hatua mbili tatu kutoka kwenye kabati, huenda akahitaji kuligusa ndipo ajue. Kinachoiumbua kazi ni mpangilio. Kifundo kilekile kimejitokeza kwenye milango mitatu iliyofuatana. Mishipa, ile mistari ya nyuzi za mbao, imelala mlalo kwenye nguzo nyembamba ambayo kwa mbao halisi ingekatika. Ukingo una mistari inayokwenda upande usiowezekana. Mtu asiyejua lolote kuhusu useremala ataona kuna kitu hakikai sawa, ingawa hatakitaja, kwa sababu ameishi na mbao maisha yake yote.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini swali langu ni lilelile: kama hii ingekuwa mbao kweli, ingepasuliwaje na ingelazwaje? Lijibu kabla ya kulipia shiti hata moja. Baada ya msumeno kupita, majibu huwa yamechelewa.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Majina huchanganywa sana. Kuna aina mbili kuu za kukumbuka.

Ya kwanza ni lamineti ya shinikizo kubwa, ambayo mafundi wengi huiita fomeka hata kama haikutoka kiwanda cha Formica. Chini ina tabaka za karatasi ngumu ya kahawia zilizoloweshwa resini ya fenoli, aina ya gundi inayoganda na kuwa ngumu. Juu yake hukaa karatasi yenye picha, iliyoloweshwa resini ya melamini, na mara nyingi juu kabisa huwekwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kazi yake ikiwa kuilinda picha isichakae. Vyote hukandamizwa pamoja kwa joto lisilopungua nyuzi 120 za Selsiasi na shinikizo lisilopungua megapaskali 5. Kinachotoka ni shiti ngumu yenye unene wa takriban milimita 0.6 hadi 1.2, ambayo hubandikwa juu ya plaiwudi, chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizokandamizwa) au MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizokandamizwa). Ikitengenezwa nene zaidi, milimita kadhaa na kuendelea, huitwa kompakti na husimama yenyewe bila kubandikwa popote.

Ya pili ni bodi ya melamini. Hapa karatasi ya picha hukandamizwa kiwandani moja kwa moja juu ya chipbodi au MDF, kwa hiyo unanunua ubao uliokwisha kuvikwa sura, kwa kawaida wenye unene wa milimita 16 au 18. Inafaa sana kwa milango, rafu na pande za kabati. Kwa kaunta na meza zinazogongwa na kusuguliwa kila siku, mimi ningechagua fomeka, kwa sababu tabaka zake za chini huufanya uso ustahimili kugongwa kuliko karatasi moja iliyolala juu ya chipbodi.

Kuna kipande cha historia kinachofaa kukijua hapa, maana kinaeleza kitu utakachokiona kwa macho yako. Mwaka 1912, Daniel O'Conor na Herbert Faber wa Marekani walibuni lamineti kama kihami cha umeme, wala hakuna aliyewaza urembo wa jikoni. Resini ya fenoli ni nyeusi au kahawia iliyokolea, hivyo picha yoyote juu yake ingefifia. Mwaka 1927 ilipatikana karatasi ya kuzuia weusi wa chini usipenye, na ndipo picha za mbao zilipowezekana. Melamini, ambayo ni angavu, ilianza kutumika mwaka 1938. Hadi leo muundo ni huohuo: picha ni ngozi nyembamba, na chini yake kuna giza. Ndiyo maana ukiikata fomeka ya rangi nyeupe utaona mstari mweusi ukingoni. Tutaurudia mstari huo kwenye hatua ya kingo.

Hatua ya 2: Soma mishipa kabla ya kutazama rangi

Wanunuzi wengi huanza na rangi. Wanasema wanataka kahawia, au kijivu, au rangi ya asali. Ningekushauri uanze na mishipa, kwa sababu rangi utaizoea baada ya wiki chache, lakini mishipa isiyofaa itakusumbua kila ukiingia chumbani.

Mishipa unayoiona kwenye mbao hutokana na mambo mawili: jinsi mti ulivyokua na jinsi gogo lilivyopasuliwa. Gogo likipasuliwa bapa, msumeno hupita sambamba na ubavu wake na kukata pete za ukuaji kwa mshazari, na katikati ya ubao hutokea matao marefu yaliyochongoka, moja ndani ya jingine, huku pembeni mistari ikinyooka. Hii ndiyo sura ambayo watu wengi wakifumba macho huiona wakisikia neno mbao. Ina uhai na inavuta jicho, lakini ina mwelekeo ulio wazi na upana wake. Ukiikata vipande vyembamba, tao hubaki nusu, na uso wote huonekana umechanikachanika.

Gogo likipasuliwa robo kwanza, kisha mbao zikatolewa kuelekea kiini, pete hukatwa wima na mistari hutoka imenyooka, imekaribiana, imetulia. Kwenye mwaloni uliopasuliwa hivi huonekana pia mabaka madogo yanayong'aa yanayovuka mishipa. Hayo ni miale ya mti, tishu zinazotoka kiini kwenda gome. Lamineti nzuri ya mwaloni wa robo huwa nayo, na ukiyaona kwenye katalogi ujue mchoraji aliutazama mti kwa makini.

Sura ya tatu hutoka kwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao, iliyomenywa gogo likizungushwa. Mawimbi huwa mapana, yanatapakaa bila mwanzo wala mwisho. Kwenye plaiwudi ya kawaida inapendeza. Kwenye mlango wa kabati la heshima, kwa jicho langu, hupayuka.

Tazama pia vinyweleo. Mwaloni una vitundu vikubwa vilivyojipanga kwa mikanda, ndiyo maana picha yake hujaa vistari vifupi vyeusi. Walnati ina mishipa laini inayopinda na rangi inayobadilika kutoka kahawia iliyokolea hadi kijivu. Mtiki una mng'ao wa dhahabu na mistari ya giza isiyolingana. Wenge ni karibu nyeusi, na mistari myembamba ya kahawia hupishana na weusi huo bila kupumzika. Msonobari ni mwepesi, una vifundo, na tofauti kati ya sehemu laini na ngumu ya kila pete huonekana wazi. Ukizifahamu tabia hizi utaacha kutegemea jina lililoandikwa nyuma ya sampuli. Jina ni la biashara, na kiwanda kimoja kinaweza kuita mwaloni kile ambacho kingine kingekiita kitu tofauti kabisa.

Kisha jiulize nyuso zako zina ukubwa gani. Droo ndogo na fremu nyembamba zinahitaji mistari iliyonyooka. Milango mirefu, paneli za ukuta na meza kubwa zinaweza kubeba matao na vifundo. Kifundo kikubwa kilichokatwa katikati kwenye uso wa droo ni jambo ambalo seremala wa mbao halisi angelikwepa, basi nawe likwepe.

Hatua ya 3: Amua mtindo wa chumba

Mtindo husaidia kwa sababu hupunguza machaguo. Katalogi moja inaweza kuwa na mamia ya michoro, na bila mwelekeo utarudi nyumbani na sampuli nyingi usizoweza kuzilinganisha.

Mtindo wa nchi za Skandinavia hupenda mbao nyepesi, mwaloni uliopauka au msonobari, mishipa tulivu, uso usiong'aa, ukiambatana na nyeupe au kijivu hafifu. Hauchoshi, na vyumba vyenye mwanga mdogo hupata nafuu kubwa. Hatari yake ni kupauka kupita kiasi: mbao nyeupe, ukuta mweupe na sakafu nyeupe hufanya mishipa ipotee, na hapo hakuna sababu ya kununua sura ya mbao.

Mtindo wa katikati ya karne ya 20 unategemea walnati na mtiki, mishipa ikilala mlalo kwenye makabati marefu ya chini, pamoja na rangi moja tupu iliyokolea. Huu ndio mtindo ninaouona ukifanikiwa zaidi kwa lamineti, na sababu ipo: miaka ya 1950 lamineti yenyewe ilikuwa sehemu ya mtindo huo, haikuwa mwigo uliokuja baadaye. Michoro ya kubuni kama Skylark ya Formica, iliyotoka mwaka 1950 na maumbo yake yanayofanana na bumerangi, ilikaa kwenye meza pembeni ya samani za mbao bila kugombana.

Mtindo wa karakana huchanganya mwaloni wenye giza na michoro ya zege, chuma kilichoshika kutu au chuma cheusi. Hapa mbao inatakiwa kuwa na makovu: nyufa, vifundo, alama za msumeno. Usiweke zaidi ya uso mmoja wenye makovu hayo kwenye chumba kidogo. Mtindo wa shamba hutaka makovu hayohayo, ila kwa rangi zenye joto zaidi na bila chuma.

Mtindo wa kale, wenye fremu na nakshi, ulizoea mkangazi na cheri, nyekundu iliyokolea yenye mng'ao wa wastani. Kwa lamineti ni mgumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu nakshi hutaka mbao inayozunguka kona, na shiti bapa haizunguki yenyewe. Kama moyo wako uko huko, chagua milango ya fremu rahisi, mishipa ya vipande vya wima isimame na ya vipande vya mlalo ilale, kama ambavyo fremu ya mbao hujengwa.

Wapo pia wasiotaka kuiga chochote. Mbunifu Ettore Sottsass wa Italia alichora mwaka 1978 mchoro wa Bacterio, mistari midogo myeusi inayojikunja, kwa ajili ya lamineti, na kundi la Memphis aliloliongoza huko Milan kuanzia mwaka 1981 liliitumia lamineti kwa fahari, bila kuificha nyuma ya sura ya mbao. Ukiuweka uso mmoja wa namna hiyo kando ya mbao tulivu, kila kimoja hupata nafasi yake.

Kuhusu kuchanganya: mbao moja na rangi moja tupu karibu kila mara hukaa vizuri. Mbao mbili zinahitaji kutofautiana waziwazi kwa giza, moja nyepesi na moja iliyokolea, huku zote zikiegemea upande mmoja wa rangi, ama wa joto ama wa ubaridi. Mbao mbili zinazokaribiana huonekana kana kwamba ulikosa shiti ya kutosha ukamalizia na nyingine. Ikiwa sakafu tayari ina sura ya mbao, ihesabu kuwa mbao ya kwanza.

Hatua ya 4: Chagua umbile la uso

Picha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kile ambacho kidole hukigusa na taa hukiangaza. Umbile hutolewa na mabamba ya chuma ya mashine ya kukandamiza, au na karatasi yenye umbile inayowekwa juu wakati wa kukandamiza. Mchoro uleule wa mwaloni unaweza kuuzwa ukiwa laini, ukiwa na vinyweleo, ukiwa na mikwaruzo kama ya brashi, au ukiwa unang'aa kama kioo. Kwa hiyo kila lamineti ina namba mbili, ya mchoro na ya umbile, na oda yenye namba moja tu inaweza kukuletea kitu usichokitarajia.

Fanya jaribio hili ukiwa na sampuli mkononi. Washa taa ya simu, ilaze karibu sawa na uso wa sampuli ili mwanga uteleze juu yake, kisha izungushe sampuli polepole. Vivuli vidogo vitatokea. Sasa linganisha: je, vivuli vinaangukia kwenye vinyweleo vilivyochapwa, au vinapita popote bila kujali picha? Kwenye lamineti ya kawaida umbile na picha ni vitu viwili tofauti, na mistari ya kugusa haifuati mistari ya kuona. Kwenye ile iliyolinganishwa, kila kifundo kilichochapwa kina shimo lake, na kila ufa una mfereji wake. Hiyo ndiyo inayodanganya hata mkono. Huwa ghali zaidi, na nafikiri inastahili pale ambapo watu watagusa: milango ya kabati, meza, ubao wa kichwa wa kitanda. Kwa rafu za ndani ni kupoteza pesa.

Mng'ao una kanuni rahisi. Mbao yenye mishipa mikubwa na vifundo inayong'aa sana huonekana imefunikwa plastiki. Walnati, mkangazi au wenge zenye mistari tulivu zinaweza kuvumilia mng'ao, kwa sababu samani halisi za mbao hizo zilizoea kupigwa vanishi. Kwa kaunta na meza epuka mng'ao mkali kwa sababu nyingine: mikwaruzo midogo huonekana haraka juu yake, hasa kwenye rangi za giza. Nyuso za giza zisizong'aa nazo zina udhaifu wao, zinaonyesha alama za vidole, isipokuwa zile zilizotengenezwa mahususi kuzizuia. Uso wenye umbile la wastani na rangi ya katikati ndio unaoficha mengi.

Hatua ya 5: Iangalie sampuli katika mwanga wake

Kipande cha ukubwa wa kiganja kinakuonyesha rangi tu, hakionyeshi mchoro. Tao moja la mwaloni linaweza kuwa na urefu unaozidi mita, na kwenye kipande hicho utaona mistari miwili iliyonyooka. Omba sampuli kubwa kadiri uwezavyo. Ikishindikana, omba picha ya shiti nzima, au bora zaidi, nenda ukaione imesimamishwa ghalani.

Ipeleke chumbani na uiweke katika mkao wake wa mwisho. Mlango usimame, kaunta ilale. Uso uliolala hupokea mwanga wa dirisha na wa taa za juu moja kwa moja, hivyo huonekana mwepesi kuliko uleule ukisimamishwa. Itazame asubuhi, mchana na usiku. Taa yenye joto la rangi la kelvini 2700 huwasha wekundu na unjano, na mwaloni wa kijivu unaweza kugeuka wa asali chini yake. Kelvini 4000 huupoza tena. Kuna pia rangi mbili zinazofanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na hili huwapata sana wanaojaribu kuoanisha lamineti na mlango wa mbao halisi uliopo. Taa zenye uwezo wa kuonyesha rangi (CRI) wa 90 au zaidi kati ya 100 hukupa jibu la kuaminika.

Ukinunua fomeka kwa ajili ya kaunta na bodi ya melamini ya mchoro uleule kwa ajili ya milango, weka sampuli za vyote viwili pamoja. Namba inaweza kuwa moja na rangi ikapishana kidogo, kwa kuwa njia za kukandamiza si moja.

Hatua ya 6: Tafuta marudio, kisha pangilia mishipa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hapa ndipo fundi makini hujulikana.

Karatasi ya picha kwa kawaida huchapwa na silinda zilizochongwa, rangi moja baada ya nyingine. Silinda ikimaliza mzunguko, picha huanza upya. Kwa hiyo mchoro hujirudia kila baada ya urefu unaolingana na mzingo wa silinda, mara nyingi karibu milimita 1,300. Uchapaji wa kidijitali unaweza kurefusha marudio hayo, lakini michoro mingi iliyoko sokoni bado ni ya silinda. Marudio hufuata urefu wa mishipa.

Yatafute mwenyewe. Simamisha shiti, chagua alama moja isiyosahaulika, tuseme kifundo chenye mkia. Panda na macho kwa mstari ulionyooka hadi umkute pacha wake. Pima. Sasa una namba ya kufanyia kazi. Tuseme ni 1,300 na mlango wako una urefu wa milimita 2,100. Kifundo kikianguka milimita 400 kutoka chini, pacha wake atatokea milimita 1,700, karibu na usawa wa macho. Milango mitatu iliyokatwa sehemu ileile ya shiti tatu inaweza kukupa kifundo hicho mara sita. Njia ya kuepuka ni kukata milango inayokaa jirani kutoka sehemu tofauti za upana wa shiti, au kugeuza mmoja juu chini pale mchoro unaporuhusu. Mistari iliyonyooka huruhusu. Matao makubwa yaliyochongoka juu yakipinduliwa kwenye mlango mmoja tu, huonekana.

Bodi zenye umbile lililolinganishwa zina jambo lake. Ili umbile likutane na picha, kila bodi lazima ianzie mahali palepale pa mchoro, kwa hiyo bodi zote hufanana. Hii ni neema ukitaka milango iendeleze mishipa kwa usahihi, na ni mtego ukikata bila kupanga.

Kisha mwelekeo. Mbao hukatwa kwa urefu wa nyuzi zake kwa sababu huko ndiko kwenye nguvu. Hivyo milango mirefu mishipa husimama, rafu na kaunta hulala kwa urefu wake, mguu wa meza husimama, ubao wa chini ya kabati hulala. Droo zinaweza kwenda vyovyote, mradi zikubaliane zenyewe kwa zenyewe. Kulaza mishipa kwenye milango mirefu ni chaguo la mtindo wa kisasa, na hukipanua chumba chembamba, ila kuna kikwazo cha vipimo. Bodi ya milimita 2,440 kwa 1,220 ina mishipa kwa urefu. Mlango wa milimita 2,100 wenye mishipa ya mlalo ungehitaji bodi yenye upana wa 2,100, na hii ina 1,220 tu. Itabidi uugawe mlango vipande viwili, na mgawanyiko huo uupange mahali penye maana, kama usawa wa kaunta ya jirani.

Kitu kinachobadilisha kabati la kawaida kuwa kazi ya kuonyesha ni mishipa inayoendelea kutoka droo moja hadi nyingine. Kata nyuso zote za droo za safu moja kutoka kipande kimoja cha bodi, kwa mfuatano, na uandike 1, 2, 3 nyuma kabla hujazisogeza mezani. Msumeno hula takriban milimita 3. Ukiacha nafasi ya milimita 3 kati ya droo, ile iliyoliwa na msumeno inarudi kama nafasi, na mshipa unapita kana kwamba haukukatwa. Ejingi, yaani ukanda unaobandikwa kufunika ukingo wa bodi, itaongeza unene kidogo kila upande, kwa hiyo tumia nyembamba hapo, na uipunguze kwenye kipimo cha bodi.

Yote haya huongeza mabaki. Mwenye rangi tupu anaweza kugeuza vipande atakavyo ili vikae kwenye bodi, wewe huwezi. Chora mpangilio wa ukataji kwanza, kwa karatasi au kwa programu yenye uwezo wa kufunga mwelekeo wa mishipa, ndipo uhesabu bodi. Agiza zote kwa mara moja na uombe ziwe za toleo moja la kiwanda, maana rangi huweza kupishana kati ya toleo na toleo.

Hatua ya 7: Kingo

Uso ukiwa mzuri na ukingo mbaya, mtu huuona ukingo. Kwa bodi ya melamini, ejingi ya plastiki ya PVC au ABS huuzwa kuanzia milimita 0.4 hadi 2. Nyembamba hupotea machoni na inafaa ndani ya kabati na kwenye droo zinazoendeleza mishipa. Ya milimita 1 hadi 2 hustahimili kugongwa na inafaa milango na meza. Ilinganishe na bodi kwa rangi, kwa mchoro na kwa mng'ao. Ejingi inayong'aa kwenye bodi isiyong'aa hutokeza kama utepe.

Kwa fomeka kuna ule mstari mweusi. Unaweza kuukubali, na kwenye walnati au wenge hauonekani kabisa. Unaweza kuuficha kwa kuweka ejingi au kipande cha mbao halisi ukingoni. Au unaweza kununua lamineti yenye rangi hadi ndani, ambayo hugharimu zaidi. Kwenye mwaloni mweupe ninapendelea ukingo wa mbao halisi: mkono unapoegemea kaunta hukutana na mbao kweli, na macho huamini na sehemu iliyobaki.

Ncha za kaunta zinahitaji fikra kidogo. Mbao halisi ikikatwa mkingamo huonyesha pete na vitundu, haionyeshi mistari mirefu. Ejingi ya kawaida yenye mistari mirefu ikibandikwa kwenye ncha husema uongo waziwazi. Baadhi ya viwanda vina ejingi yenye picha ya ncha ya mbao. Usipoipata, chagua ya rangi moja iliyokolea kidogo kuliko uso.

Hatua ya 8: Kukata na kubandika

Kwa msumeno wa meza, picha itazame juu. Kwa msumeno wa mviringo unaoshikwa mkononi, picha itazame chini. Katika hali zote mbili meno huingilia upande wa picha, na mbanduko hubaki upande usioonekana. Tumia blade yenye meno mengi na makali.

Shiti za fomeka na bodi zake zikae pamoja chumbani siku mbili au tatu kabla ya kubandikwa, zizoee unyevu uleule. Lamineti hutanuka na kusinyaa, na kwa upana hufanya hivyo takriban mara mbili ya urefu. Bandika pande zote mbili za bodi: mbele sura uliyoichagua, nyuma shiti ya kusawazisha. Mlango uliobandikwa upande mmoja hupinda, na hakuna bawaba itakayounyoosha. Ukikata nafasi ya sinki au soketi, toboa kwanza matundu kwenye kona ili ziwe za mviringo. Kona kali ya ndani ndipo ufa huanzia.

Hatua ya 9: Utunzaji

Kitambaa laini na maji ya sabuni vinatosha siku nyingi. Umbile lenye vinyweleo hushika mafuta na vumbi, kwa hiyo lisugue kwa brashi laini kufuata mishipa, kisha ukaushe. Steelwuli na sabuni za unga zenye chembechembe huondoa umbile, na palipoondoka hapatengenezeki. Sufuria ya moto iwekewe kitu chini, na maji yasituame kwenye maungio.

Mabaki mazuri mawili matatu ya kila mchoro yahifadhi pamoja na kipande cha ejingi. Andika nyuma yake namba ya mchoro, namba ya umbile, jina la kiwanda na mwaka wa kununua, kisha uyaweke mahali pasipopigwa na jua, ili siku mlango mmoja ukivunjika uwe na kitu cha kulinganishia ghalani.